Dakika Kumi Mbele ya Ukuta Mweupe

Ikiwa una kijana katika chuo chochote cha humu nchini, bila shaka umewahi kumkuta usiku wa manane macho yamemtoka mbele ya kompyuta, na ulipomuuliza kulikoni akakujibu kwamba anatengeneza slaidi. Enzi zetu mwanafunzi alikesha akibukua vitabu. Wa leo hukesha akichagua rangi. Wala si wanafunzi peke yao walio katika msukosuko huu. Chama cha akina mama kinachoomba msaada, kijana anayetafuta mtaji wa karakana, mzee wa kanisa anayetaka darasa la chekechea lijengwe, wote siku hizi huambiwa maneno yale yale: njooni na slaidi, mtapewa dakika kumi. Hapa Kisumu ndio usiseme. Tangu mji wetu upandishwe hadhi kuwa jiji mwaka wa 2001, na hasa tangu tuandae mkutano mkuu wa miji ya Afrika, Africities, mnamo Mei 2022, mikutano haikauki, na ni nadra kuingia ukumbini usikute projekta ikimulika ukuta mweupe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nimeishi mtaa wa Kaloleni kwa zaidi ya miaka thelathini. Projekta yangu ilikuwa karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito na misumari minne. Nilichora moyo wa ng'ombe, nikachora mzunguko wa mvua, nikachora Nyanza na Ghuba ya Winam yake. Kabla ya kengele kulia nilikuwa na desturi ya kwenda kuketi kwenye dawati la mwisho, pale walipopenda kujificha watundu, nikaitazama chati yangu kutoka huko. Kama ilinibidi kukunja uso ili niisome, niliichora upya. Kwa hiyo mpwa wangu aliponijia mwaka jana na kompyuta kwapani, akasema, "Mjomba, nisaidie, wewe ni mwalimu," sikuona haya kujifanya mjuzi.

Nianze na kilichokuwa hatarini, maana bila hicho mazungumzo ya rangi na herufi ni porojo tu. Mpwa wangu ni binti ya marehemu dada yangu. Dada alikuwa mmoja wa akina mama kumi na wanne wa mtaa huu na mitaa jirani ambao hununua omena mbichi ufuoni alfajiri, wakaianika, kisha wakaiuza kwa gorogoro katika soko la Kibuye. Omena hiyo ndiyo iliyomlipia binti karo tangu kidato cha kwanza. Dada alipoaga dunia, wenzake hawakumtupa mtoto. Waliendelea kuchanga, huyu shilingi mia, huyu hamsini, hadi akaingia chuo kikuu. Sasa zamu ya kumhitaji ilikuwa yao.

Ajuaye biashara ya omena anajua kwamba adui yake ni mvua. Samaki hao wadogo huanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu. Jua likiwaka vizuri, jioni huwa wamekauka na kung'aa kama fedha. Mvua ikiwakuta wabichi, hugeuka rangi, hunuka, na kinachobaki huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Masika yaliyotangulia yalikuwa yamewaacha baadhi ya akina mama hao na madeni, na mmoja wao alikuwa na watoto wawili nyumbani kwa kukosa karo. Shirika fulani, ambalo nitaliacha bila jina, lilikuwa likitoa fedha kwa vikundi vidogo. Kikundi kiliomba vichanja vinne vya kuanikia, vilivyoinuliwa kutoka ardhini na kuezekwa kwa plastiki inayopitisha mwanga. Ombi lilipita mchujo wa kwanza. Wakaitwa mbele ya jopo. Dakika kumi, na slaidi.

Slaidi za kwanza za mpwa wangu zilikuwa thelathini na moja.

Nilizitazama zote, na nusura nisinzie katika kiti changu mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa na kichwa cha mistari mitatu. Ya pili ilikuwa orodha ya yatakayofuata. Kisha zikaja historia ya kikundi, dira, dhamira, malengo makuu na malengo madogo, halafu jedwali la miezi kumi na miwili lenye tarakimu kama chungu waliomwagiwa sukari. Maneno yaliingia kwa kuruka, moja kutoka kulia, jingine kutoka kushoto, kama kumbikumbi baada ya mvua. Naye binti alisimama akinipa mgongo, akisoma kila neno lililoandikwa ukutani, na mimi nikilisoma pia, tena kwa kasi kuliko yeye. Neno kichanja lilitokea kwa mara ya kwanza katika slaidi ya ishirini na tatu. Nikatazama saa. Kwa mwendo ule dakika kumi zingekwisha kwenye slaidi ya kumi na nne, jopo likaenda kunywa chai likijua dira ya kikundi lakini halijui kinaomba nini.

Simlaumu. Ndivyo alivyoona wakubwa zake wakifanya, na mtindo wenyewe una asili yake. Zamani slaidi ilikuwa kipande cha filamu kilichofungiwa ndani ya fremu ndogo ya karatasi ngumu, kikapitishwa mbele ya taa kwenye mashine iliyozunguka kwa kelele. Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza mashine hizo mwaka wa 2004. Baadaye katika vyuo vyetu vya ualimu tulitumia karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, tukaziandika kwa kalamu na kuziweka juu ya kioo chenye taa. Katika njia zote mbili kila picha ilikuwa na gharama, ya filamu, ya kusafisha au ya plastiki, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kuongeza moja. Kisha mwaka wa 1987 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Forethought ikaanza kuuza programu ya PowerPoint, iliyoasisiwa na Robert Gaskins, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kwa dola milioni 14. Tangu hapo slaidi mpya hupatikana kwa kubonyeza kitufe, bila senti. Kitu cha bure hakina breki. Isitoshe, programu hiyo hukufungulia ukurasa wenye nafasi ya kichwa na nafasi ya orodha, nawe hujaza tu, kama mtu anayejaza fomu ya serikali, hujajiuliza kama fikira yako ina umbo la orodha.

Nilimwambia aifunge kompyuta. Tukachukua kalenda kubwa ya mwaka uliopita, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, tukaikata vipande ukubwa wa kiganja, na upande wa nyuma ulio mweupe ukawa kadi zetu. Jumapili alasiri akina mama saba walikuja nyumbani kwangu baada ya kanisa. Tulitandika mkeka, chai ikamiminwa, na kabla ya kuandika chochote niliwauliza maswali ambayo mwalimu yeyote hujiuliza anapoandaa somo. Wanaosikiliza ni akina nani? Wanajua nini tayari? Mkitoka pale mlangoni, mnataka wawe wameamua nini? Hilo la tatu lilijibiwa na wote kwa pamoja: watoe fedha za vichanja vinne. Basi nikauliza la nne, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote. Ni nini kitakachowafanya wakatae?

Hapo ndipo mazungumzo yalipochemka. Wataogopa fedha zitaliwa, akasema mmoja. Wataogopa mbao zitaibwa, akasema mwingine, na kicheko kikazuka kwa sababu kila mtu pale alikuwa na kisa cha mbao. Watauliza ardhi ni ya nani. Watauliza kwa nini msitumie turubai. Kila hofu ikaandikwa kwenye kadi yake. Mpwa wangu akatazama kadi zile, akatazama slaidi zake thelathini na moja, na akaona mwenyewe kwamba hakuna hata moja iliyojibu hofu yoyote. Wasilisho lote lilikuwa limepangwa kutoka upande wa msemaji. Nani angejali dira?

Kisha tukazipanga kadi juu ya mkeka. Mweka hazina wa kikundi ni nyanya aliyeishia darasa la tatu, lakini hesabu zake za magorogoro hazijawahi kukosewa hata shilingi moja. Alikuwa ameketi kimya, miguu ameinyoosha, akizitazama kadi jinsi zilivyofuatana. Mwishowe akamgeukia binti. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "mvua iko wapi?" Mvua ilikuwa kadi ya kumi na saba. Nyanya akainama, akaichukua, akaiweka mwanzo kabisa, kisha akazisukuma kando kadi zote zilizokuwa mbele yake kana kwamba anafagia makapi. Hakuna aliyembishia. Mtu asiyeijua mvua hawezi kukijali kichanja.

Kadi zikapungua hadi tisa, halafu saba, halafu sita.

Kupunguza ni kazi chungu, na nitatoa mfano mmoja. Mpwa wangu alikuwa na slaidi ya Ziwa Victoria, jedwali la nchi tatu na maeneo yao. Nilimwambia jedwali hilo linaweza kuwa chapati. Chora duara moja, ziwa lote, kilomita mraba 68,800 hivi, kisha kata kipande kidogo cha asilimia 6, hicho ndicho cha Kenya. Alichora, na likatokea jambo la kupendeza macho. Akina mama wenyewe, ambao wameishi na ziwa hili maisha yao yote, walishangaa kuona udogo wa kipande chetu, na mmoja akasema ndiyo maana vijana wetu hukamatwa kila mara wakivuka mipaka ya maji. Chati ilikuwa nzuri kuliko zote. Tukaitoa. Jopo halikuwa likigawa ziwa, na dakika moja ya kulistaajabia ziwa ingekuwa dakika moja iliyoibwa kutoka kwa vichanja. Binti aliipigania kwa siku mbili. Mwishowe aliihifadhi kwa ajili ya mtihani wake wa chuo, mahali inapofaa.

Jambo jingine lililotuchukua muda ni picha. Hapa kandokando ya ziwa, ambapo malaria ni kama jirani, watu wa afya wana kisa wanachopenda kukisimulia. Ati afisa mmoja alionyesha wanakijiji picha ya mbu aliyekuzwa akajaa ukuta mzima, akaeleza madhara yake kwa kirefu, na mzee mmoja akasimama kushukuru akisema kwamba kwa bahati nzuri mbu wa kijijini kwao ni wadogo. Kisa hiki husimuliwa kwa kumcheka mzee. Kiwe cha kweli au cha kutungwa, mimi niko upande wake. Mzee aliisoma picha sawasawa jinsi ilivyochorwa. Kando ya mbu yule hapakuwekwa kidole wala punje ya mchele ya kumpima, na kosa ni la aliyeileta picha.

Mpwa wangu naye alikuwa ameleta mbu wake. Picha ya kichanja aliyoitoa kwenye intaneti ilionyesha watu wa bara la mbali wakianika samaki wakubwa juu ya wavu wa matundu mapana. Akina mama waliitazama. "Hao ni akina nani?" akauliza mmoja. Mwingine akasema omena ingepita katika matundu yale yote ikaishia mchangani, na jopo likiwa na mtu mmoja anayeijua omena, litacheka. Alfajiri iliyofuata binti aliandamana nao ufuoni na simu yake. Alipiga picha za nyavu chini zikiwa zimelowa, na za kichanja kimoja cha majaribio ambacho fundi wa mtaani alikuwa amewaundia kwa mabaki ya mbao. Pembeni mwa kichanja alisimama mama mmoja akiwa ameshika gorogoro, ili mtazamaji apime urefu kwa macho.

Kuna watakaosema ninatia chumvi, kwamba slaidi ni slaidi tu. Naomba niwakumbushe yaliyotokea Marekani. Chombo cha anga kiitwacho Columbia kiliporushwa tarehe 16 Januari 2003, kipande cha sponji ngumu kilichomoka na kugonga bawa lake la kushoto. Wakati wanaanga wakiwa bado huko juu, wahandisi waliwaeleza wakubwa tathmini yao kwa slaidi. Mojawapo ilikuwa na kichwa cha kutuliza moyo, kisha chini yake vidokezo ndani ya vidokezo, herufi zikizidi kupungua. Katika mstari wa mwisho kabisa, miongoni mwa herufi ndogo, ndimo lilimokuwa jambo lenyewe: kipande kile kilikuwa na ujazo wa inchi 1,920, ilhali majaribio yaliyokuwa yakitegemewa yalifanywa kwa vipande vya inchi 3. Kilikuwa kikubwa mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote saba wakafa. Slaidi haikulipasua bawa, na sidai hivyo. Lakini ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa Agosti mwaka huo, ilitaja slaidi hiyo waziwazi na kuulaumu mtindo wa kutumia slaidi za PowerPoint mahali pa ripoti kamili za kitaalamu. Edward Tufte, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Yale, ndiye aliyeichambua slaidi ile mstari kwa mstari.

Nilipomsimulia binti habari hiyo, alinyamaza, kisha akalifungua jedwali lake la miezi kumi na miwili. Katika mstari wa Aprili, safu ya tano, kulikuwa na tarakimu mbili ambazo mweka hazina alikuwa ameziandika katika daftari lake: magunia 10 yalianikwa, magunia 4 yaliharibika. Hilo ndilo lililokuwa shauri zima, nalo lilikuwa limezikwa. Jedwali likaondoka na kuchapishwa kwenye karatasi ya kuachiwa jopo, kwa yeyote apendaye kukagua hesabu. Katika slaidi akachora magunia kumi kwa safu, manne akayapaka weusi, na juu yake akaandika sentensi moja: "Aprili tulipoteza magunia 4 kati ya 10." Kichwa cha slaidi kiliposema jambo lenyewe, hapakuwa na haja ya vidokezo.

Kuhusu herufi na rangi sitakuchosha. Mmarekani Guy Kawasaki, aliyepata kufanya kazi Apple, alieneza kanuni ya slaidi 10, dakika 20, na herufi zisizopungua ukubwa wa 30. Ni kanuni nzuri kwa asiye na nyingine. Mimi naamini zaidi dawati la mwisho. Tuliiweka kompyuta juu ya meza ya chakula, tukarudi nyuma hadi mlangoni, na kila ambacho sikukisoma bila miwani kilikuzwa au kikafutwa. Binti alipenda mandhari nyeusi yenye maandishi meupe, jinsi ionekanavyo katika matangazo ya simu. Nilimuuliza ukumbi una mapazia? Akaenda kuutazama, jambo ambalo wengi hawalifanyi, akakuta madirisha mapana yasiyo na kitambaa na jua la Kisumu likiingia moja kwa moja. Katika mwanga kama huo mandhari nyeusi hugeuka kijivu na maandishi hufifia, kwa hiyo tukaandika kwa herufi nyeusi juu ya weupe. Tuliepuka pia kutofautisha vitu kwa nyekundu na kijani pekee, maana wapo wanaume wasioweza kuzitenganisha rangi hizo, na wengine hawajui hata wenyewe. Maneno yanayoruka yote yakatuliwa.

Lugha nayo ilizua ubishi. Binti alitaka Kiingereza, kwa sababu jopo lingekuwa na wageni. Nyanya alisema hawezi kusimama mbele ya maneno asiyoyajua, yakimsemea nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa upande wa nyanya, na bado niko. Picha hazikuhitaji mkalimani, sentensi chache zikaandikwa kwa Kiswahili, na ile karatasi ya hesabu ikawa na lugha zote mbili. Ikaamuliwa pia kwamba wasemaji wawe wawili. Binti angeeleza slaidi, na nyanya angeeleza jinsi kikundi kinavyotunza fedha. Kwa zamu ya nyanya ukuta ungekuwa mtupu. Wasomaji wanaotumia PowerPoint watanishukuru kwa hili: wakati wa maonyesho ukibonyeza herufi B, picha hutoweka na ukuta huwa mweusi, na ukiibonyeza tena hurudi. Macho ya watu yote humhamia anayesema.

Tulifanya mazoezi mara nne sebuleni kwangu, shuka ikiwa ndiyo ukuta, watoto wa jirani wakichungulia dirishani. Mara ya kwanza walitumia dakika kumi na sita ingawa kichwani mwa binti zilikuwa nane. Kusema kwa sauti hakufanani na kusema moyoni. Mara ya nne walitumia dakika tisa, na ile moja iliyobaki tuliiacha iwe ya kukohoa na kusalimiana.

Siku yenyewe nilikaa nyuma ukumbini, kwenye dawati la mwisho kama kawaida yangu. Kikundi kilichowatangulia, vijana wa kazi ya taka, kilikuwa na wazo zuri, lakini waya wa projekta haukuingia katika kompyuta yao mpya, na muda ukayoyoma wakitafuta adapta huku mwenyekiti akitazama saa. Mpwa wangu alikuwa na adapta aliyoiazima, nakala ya slaidi kwenye flashi, na picha zote sita zikiwa zimechapishwa ndani ya bahasha. Aliunganisha, ukuta ukawaka.

Rangi zilinisikitisha. Projekta ilikuwa imezeeka na ikapaka kila kitu umanjano, hivi kwamba ile omena iliyoharibika ilionekana ya kuvutia kabisa. Kumbe nyanya alikuwa amejiandaa bila kutuambia. Alifungua kikapu chake, akatoa mikebe miwili, akaiweka mbele ya jopo na kuifunua. Mkebe wa kwanza ulikuwa na omena ya jua. Wa pili ulikuwa na ya mvua. Bwana mmoja mwenye tai aliinamia ule wa pili, kisha akarudi nyuma ghafla na kuziba pua, na ukumbi mzima ukacheka. Hakuna projekta iliyowahi kutoa harufu. Nikajisemea kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu mimi mwenyewe nilipeleka darasani moyo halisi wa ng'ombe kila nilipoupata buchani, na watoto waliusahau mchoro wangu papo hapo.

Swali gumu lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa hajasema neno. Plastiki ikichanika je? Binti alitaka kujibu, nyanya akamshika mkono. "Plastiki itachanika," akasema. "Ndiyo maana kila Ijumaa kila mama huweka gorogoro moja kando. Hiyo ndiyo bei ya plastiki." Akafungua daftari lake na kuwasomea tarehe ambazo magorogoro hayo yalikuwa yameanza kuwekwa, miezi mitatu kabla ya jopo kuwaita. Jambo hilo halikuwa katika slaidi yoyote.

Slaidi ya sita ilikuwa na visanduku vinne vitupu vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na tarehe chini yake. Binti aliwaeleza kwamba humo ndimo zitakamoingia picha za vichanja, kimoja baada ya kingine, na kwamba slaidi hiyo hiyo itatumwa kwao kila tarehe itakapowadia. Akaketi. Dakika tisa na sekunde kadhaa.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Walipewa fedha za vichanja viwili, si vinne. Baadhi ya akina mama walinung'unika, na sikuweza kuwalaumu, kwa maana kumi na wanne hawatoshi kwenye viwili na ilibidi wapange zamu. Wale watoto wawili wamerudi shuleni, ingawa karo yao ya muhula huu ilitoka kwa mchango wala haikutoka kwa vichanja. Masika ya mwaka huu yalipoanza, omena iliyokuwa juu ilikauka, na iliyokuwa chini ikaharibika kama zamani. Mweka hazina ameyaandika yote mawili katika daftari, safu kwa safu, na picha mbili za kwanza zimeshaingia katika visanduku vyake. Juzi nilimsikia akimwagiza binti asivifute vile viwili vilivyobaki vitupu, abadilishe tarehe tu.